Uliza Fundi: Bolti ya usukani imegoma na alenki imeshapinda

*Shkamoo fundi. Naandika kutoka Mikindani. Nina Benzi 200D ya mwaka 1983, ilikuwa ya marehemu mzee wetu, alishuka nayo kutoka Dar enzi zile za kuvuka Rufiji kwa pantoni kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa, kwa hiyo ujue hii gari sio ya kuuza hata waje na hela gani. Shida ilianzia kwenye honi, ikawa inalia siku inayotaka, halafu ile levya ya indiketa ikalegea, ukiwasha kushoto inarudi yenyewe, na waipa nazo zipo hapohapo kwenye levya ileile na mvua ndo zinakuja. Nkaambiwa lazima stelingi itoke ndo uifikie swichi. Nikatoa kile kifuniko cha katikati, nikakuta bolti moja tu kubwa, ya tundu la pembe sita, la alenki namba 10. Nkaenda dukani nkanunua alenki, nikaweka na paipu, nikavuta, alenki ikapinda kama waya wa kufungia nondo, bolti haijacheza hata nywele. Nimemwagia mafuta ya taa na breki fluidi siku tatu mfululizo. Binamu yangu ananiambia funga loku ya stelingi halafu tuvute watu wawili. Jirani anasema piga nyundo. Mi naogopa fundi, naomba unisaidie kabla sijaharibu gari ya mzee.*
*Msomaji, Mikindani*

Marahaba mdogo wangu, na pole na mzee. Kwanza umefanya la maana sana kuandika kabla ya kumsikiliza binamu na jirani, coz hayo mawili waliyokushauri ndo yanayoleta gari gereji zikiwa zimeharibika zaidi kuliko zilivyoanza. Ntakujibu kwa kirefu, wenzako wengi wana gari za umri huo huku kwetu na shida ni hiyohiyo.

Kwanza elewa hiyo bolti imeshikwa na nini. Watu wakiona bolti imegoma wanawaza kutu, na kweli sisi tunaokaa na bahari hapa, Mikindani, Shangani, Lindi mjini, kutu ni jirani yetu, chumvi ya upepo inaingia mpaka kwenye bawaba za milango. Ila bolti ya usukani ipo ndani ya gari, imefunikwa, haipigwi na maji. Ukiikuta imegoma kwenye Benzi mara nyingi sio kutu, ni gundi. Kiwandani ile bolti inapakwa gundi ya nyuzi, ile mikato inayozunguka bolti, ili isije kulegea yenyewe barabarani, halafu inakazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 80. Nikutafsirie hiyo namba: chukua mkono wa bokisi, yani mpini wa kufungulia bolti, wa nusu mita, uulaze, ning'iniza mwishoni ndoo yenye lita 16 za maji. Hiyo ndo nguvu iliyoifunga. Sio nguvu ya ajabu kabisa, ila ongeza gundi iliyokauka zaidi ya miaka 40 unapata hicho ulichokutana nacho.

Na ndo maana mafuta ya taa hayajakusaidia. Angalia ilivyokaa: bolti imezama ndani ya shafti, kichwa kimekaa juu kimeziba mlango wote. Mafuta unayomwaga yanabaki kwenye kichwa, hayana njia ya kufika kwenye nyuzi, na hata yangefika yangekuta gundi imejaza nafasi yote. Breki fluidi ndo usiiweke tena kabisa, inakula rangi na itaharibu plastiki za hapo mbele. Futa yote kwa kitambaa, safisha, tuanze upya.

Sasa loku ya stelingi. Naomba hapa unisikilize sana. Ile loku ni kipande cha chuma kidogo tu kinachoingia kwenye kijishimo cha shafti kumzuia mwizi asikate kona, hakikutengenezwa kubeba watu wawili na paipu. Nikiwa bado najifunza kazi niliwahi kufunga loku ya gari ya mzee mmoja nikavuta, nikasikia "tak", nikafurahi nikajua bolti imeachia. Bolti ilikuwa palepale. Kilichovunjika ni loku, na kipande kilibaki humohumo ndani kimekwama, funguo ikawa haizunguki, gari haiwaki na stelingi haikati. Mzee alikuja asubuhi kuchukua gari yake aende msibani Masasi. Alikaa kwenye benchi pale mpaka saa tisa alasiri, hakunifokea hata mara moja, na mpaka leo nikishika stelingi yoyote kitu cha kwanza natazama funguo ipo wapi. Kwa hiyo funguo iweke namba moja, loku iwe wazi, uzungushe usukani kidogo uhakikishe kweli upo huru. Na usije ukaukata mpaka mwisho ukaegemea kule mwisho wa kona, maana hapo unazibebesha stelingi boksi na tairodi, vile vyuma vinavyosukuma tairi zikate kona, mzigo usio wao.

Usukani unashikwa na mtu. Mtu mzima, mwenye mikono, akae kiti cha dereva, tairi zikiwa zimenyooka mbele na gari ipo chini sio kwenye jeki. Ashike usukani kushoto na kulia, kama mkono wa saa ulivyo saa tisa na saa tatu, mikono imenyooka, mgongo umekaa kwenye kiti. Wewe pita mlango wa abiria. Mkono wako wa bokisi uelekeze upande wa kushoto, yani kwa abiria, halafu unasukuma kwenda chini. Kulegeza ni kinyume cha saa, kwa hiyo ukiwa kushoto unashuka chini na uzito wa mwili wako unafanya kazi wenyewe, huvuti kwa mgongo. Mwenzako kazi yake ni kuukataza usukani usikufuate. Mkono wako mwingine uwe kwenye kichwa cha bokisi, unakikandamiza ndani kisiruke. Hiyo tu, kukandamiza, ndo inatofautisha kichwa kilichosalimika na kichwa kilicholiwa.

Kuhusu alenki. Ile ya umbo la herufi L uliyonunua iweke pembeni, hata kama ingekuwa nzuri ingepinda tu kwa sababu umeichomekea paipu kwenye mguu mrefu mwembamba. Unachotaka ni bokisi ya alenki namba 10, ile fupi nene inayokaa kwenye mkono wa nusu inchi, ya chuma kigumu. Huku Mtwara utaipata kwa mafundi wa malori kabla ya dukani, waombe wakuazime, hawa wana vifaa vizito. Kabla hujaiingiza, chukua msumari au sindano ya kushonea magunia ukwangue ndani ya lile tundu la pembe sita. Utashangaa kitakachotoka, vumbi la mchanga, nta, mabaki ya gundi, na kwako sasa hivi kuna tope la mafuta ya taa. Uchafu wa milimita mbili tu chini kule unafanya bokisi isizame yote, ikishika nusu inateleza, ikiteleza mara moja pembe zimeviringika. Ikishaingia igonge taratibu na nyundo ndogo, mara mbili tatu, mpaka usikie mlio umebadilika kutoka mlio mkavu kuwa mzito. Hapo imekaa. Nasema kugonga bokisi iingie, sio kupiga nyundo kutoa stelingi, hayo mengine nitayafikia.

Jaribu hivyo kwanza bila moto. Sukuma kwa nguvu inayopanda polepole mpaka mwisho wa nguvu yako, shikilia hapo unahesabu mpaka kumi. Usitingishe tingishe. Benzi nyingi zinaachia hapo, na zinapoachia zinalia "kraa" kama mbao inapasuka, usiogope, hiyo ni gundi.

Ikikataa ndo tunaleta joto. Hizi gundi kali za nyuzi zinalainika zikifika nyuzijoto 250 hivi, chini ya hapo unapoteza muda. Ila huwezi kuchukua gesi ya kuchomelea ukaiwasha mbele ya dashibodi ya mwaka 83, utaichoma gari. Joto linatakiwa liingie kwenye bolti lenyewe na lisiende kwingine. Mimi natumia pasi ya kulehemu kubwa, ile wanayolehemia ndoo na masufuria, sio ile nyembamba ya redio. Naweka ncha yake ndani ya tundu la alenki naiacha dakika kumi mpaka kumi na tano. Huna pasi? Fanya hivi, nimeifanya mwenyewe mara nyingi na inakubali: tafuta kipande cha nondo kinachoingia kwenye lile tundu, na hata hiyo alenki yako iliyopinda ikate kipande, kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, kishike na koleo, kiingize kwenye tundu, subiri kipoe, toa, weka cha pili kilichokuwa kinangoja kwenye jiko. Jiko likae nje, mbali na gari. Mizunguko mitano sita. Pembeni ya kitovu zungushia kitambaa kibichi kulinda plastiki na waya za honi, betri uwe umeshatoa, madirisha wazi kwa sababu hiyo gundi ikipata moto inatoa harufu kali isiyofaa kuivuta.

Utajuaje joto limefika? Chukua waya wa risasi ya kulehemu, uguse kichwa cha bolti. Ile ya kawaida iliyochanganywa bati na madini ya risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 185 au 190 hivi. Ukiona imeyeyuka na kutambaa kama machozi ya mshumaa, ongeza mzunguko mmoja au miwili, halafu futa ile risasi, rudisha bokisi harakaharaka ingali moto, mwenzako ashike, sukuma. Bolti iliyokataa watu wawili na paipu utaiona inafunguka kama kifuniko cha chupa ya asali, nzito nzito lakini inakuja. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikaa chini nikaitazama ile bolti mkononi, nyuzi zake zimejaa unga mwekundu mkavu, nikaelewa miaka yote niliyokuwa napambana nilikuwa napambana na kitu gani.

Usiitoe yote. Fungua ibaki na nyuzi tatu nne ndani, halafu ndo uutingishe usukani kuutoa. Ukichomoka ghafla unaishia kwenye bolti, usipofanya hivyo unaishia kwenye meno yako. Na kabla haujachomoka piga alama ya rangi au mstari wa msumari, mstari mmoja unaopita juu ya shafti na juu ya kitovu cha usukani, ili urudi jino kwa jino.

Ukishaondoa usukani utaona pale nyuma ya usukani kuna pete ya shaba na kaboni ndogo inayoisugua, hiyo ndo njia ya umeme wa honi. Ifute pete kwa msasa laini sana, angalia kaboni kama haijaisha. Nakuhakikishia honi yako ya siku inayotaka ipo hapo.

Wakati wa kurudisha, usirudishe bolti ileile kavu. Nunua mpya, huwa inakuja na gundi yake tayari, uikaze nyutoni mita 80 kwa spana ya kupimia nguvu. Ukiwa huna kabisa, safisha nyuzi za shafti na za bolti mpaka zing'ae, weka gundi ya nyuzi ya bluu, ile ya nguvu ya kati, kaza. Ila nakusihi tafuta mpya, hii ni bolti moja na ndiyo peke yake inayoshika usukani wa gari linalobeba watoto wako kwenda Mtwara mjini.

Na kama kwa bahati mbaya kichwa kimeshaliwa ulipovuta na ile alenki, usikate tamaa, kuna njia. Kwanza jaribu biti ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, unaigonga iingie kwa nguvu ikate pembe zake yenyewe. Ikishindikana, mchomeleaji mzuri anaweka nati juu ya kichwa anaichomelea kwa ndani, na lile joto la kuchomelea lenyewe linalainisha gundi, mara nyingi inatoka hapohapo. Hapa betri lazima iwe imetolewa. Cha mwisho kabisa ni drili: unatoboa katikati ya kichwa unapanda saizi kidogokidogo mpaka kichwa kinaachana na mwili, usukani unatoka, na kile kipande kilichobaki kwa kuwa hakivutwi tena na kichwa unakikuta kinazunguka kwa praiza. Funika kila kitu kwa kitambaa kilicholowa mafuta kabla ya drili, machicha ya chuma yakiingia kwenye swichi utakuwa umefungua kesi nyingine.

*Fundi habari za kazi. Mi nipo Lindi, Mtanda. Nina Hilux ya zamani ya kubebea korosho kutoka shamba, yangu ina nati sio bolti, nati namba 19, imefunguka bila shida, ila stelingi yenyewe haitoki. Nimevuta mpaka mabega yanauma. Kijana wangu anataka kupiga shafti na nyundo huku mimi navuta, nimemzuia kwanza.*
*Baba wa watatu, Lindi*

Umemzuia kwa haki kaka, na mwambie nimesema asante kwa kusubiri. Tofauti yenu na yule wa Mikindani ni kwamba huyu kinachogoma ni bolti, wewe kinachogoma ni usukani. Kwenye Toyota nyingi shafti juu ina meno na imechongwa ikiwa nyembamba kidogo kwenye ncha, usukani unakaa pale kama kofia iliyobana, nati ikiukandamiza miaka thelathini chuma na chuma vinashikana.

Nyundo hapana, na sababu ni hii. Ile koloni ya usukani, yani nguzo inayobeba shafti, imetengenezwa kwa makusudi ikubali kujikunja ukigonga kitu, ili isije kukuchoma kifuani. Ndani yake kuna vipini vya plastiki vinavyoshikilia vipande viwili, vinatakiwa vikatike siku ya ajali tu. Kijana akipiga nyundo ya kilo mbili kwenye ncha ya shafti anavikata siku ya leo. Usukani utatoka, ndio, halafu utaurudisha, halafu utasikia unacheza mbele na nyuma kama jino la mtoto, na siku ya ajali haufanyi kazi yake. Pia unaweza kuiponda ncha ya shafti nyuzi zikaharibika na nati isirudi tena.

Unachohitaji ni pula ya usukani. Angalia kitovu, kuna matundu mawili yenye nyuzi pembeni ya shafti, kwenye Toyota ni bolti za milimita 8. Pula ni chuma kimoja cha kulala, bolti mbili zinaingia kwenye hayo matundu, moja ya katikati inasukuma shafti. Rudisha nati kwanza iwe sawasawa na ncha ya shafti, au ipite kidogo, ikulinde wewe na ilinde nyuzi. Kaza ile ya katikati mpaka iwe nzito, acha dakika mbili, ongeza robo, acha. Usukani utaruka na mlio wa "pop". Huna pula, mchomeleaji yeyote pale Lindi anakutengenezea kwa kipande cha bapa la chuma nene, matundu matatu na bolti tatu, nusu saa kazi imeisha. Hakikisha tu zile mbili za pembeni zimeingia nyuzi za kutosha, angalau sita saba, ukiweka mbili tatu unang'oa nyuzi za kitovu.

Bila pula kuna njia moja ninayoikubali: nati iwe nyuzi mbili tatu, kaa kwenye kiti, magoti nyuma ya usukani kwa chini, mikono juu kushoto na kulia, unasukuma magoti huku unavuta mkono mmoja halafu mwingine, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hapa mafuta ya kulainisha yanafaa, tofauti na Benzi, kwa sababu yana njia ya kuingia kwenye meno. Weka jioni, jaribu asubuhi. Ukirudisha kaza nyutoni mita 35 hivi inatosha kwa Hilux ya umri huo, usiikaze kama nati ya tairi ya lori. Mavuno mema kaka.

*Fundi, nimefanya mwenyewe kwenye Corolla yangu na nimefanikiwa ila sasa nikinyoosha barabarani stelingi imekaa kama saa mbili kasorobo na indiketa ya kulia haijizimi. Naenda kunyooshewa tairi, alaimenti?*
*Dada, Masasi*

Hongera sana dada, kuitoa mwenyewe sio jambo dogo. Alaimenti hapana, usiende kulipa hela ya bure. Umeurudisha jino moja au mawili pembeni. Na ile indiketa inajizima kwa kijino kilichopo nyuma ya usukani, kijino kikiwa pembeni kinaipita swichi mahali pasipo pake. Endesha gari mita ishirini moja kwa moja mahali palipo tambarare ili tairi zinyooke kweli, zima, ndo utoe tena usukani na kuurudisha umesimama sawa. Yote mawili yatapona pamoja. Ukikuta kati ya jino na jino bado haijakaa sawa kabisa, hapo sasa ndo tairodi zinahusika na alaimenti inaingia. Halafu safari hii nati uimalizie kuikaza kwa spana, naogopa watu wanaijaribisha kwa mkono wanasahau kumalizia.

*Mimi nina Toyota Noah, nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu moto, naweza kufanya hivyohivyo? Honi yangu nayo haifanyi kazi na taa ya ebegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, inawaka kwenye dashibodi.*
*Msomaji, Mtwara mjini*

Hapana. Hapana kabisa kaka, na nashukuru umeuliza. Yote niliyosema juu kuhusu nondo ya moto na pasi ya kulehemu ni ya gari isiyokuwa na ebegi. Hata yule wa Mikindani, hizo Benzi za umbo lake zilianza kuwekewa ebegi kwa wanaotaka mwaka 1982, kwa hiyo na yeye aangalie, kwa maelezo yake ya bolti moja chini ya kifuniko cha kuvuta kwa mkono naona yake haina, lakini aangalie.

Ebegi ni baruti. Inafumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ipo nusu mita kutoka usoni kwako. Kwenye gari yako hatua ya kwanza ni kutoa waya hasi wa betri na kusubiri. Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 angalau, kwa sababu kompyuta ya ebegi ina akiba yake ya umeme inayobaki hata betri ikitoka. Mimi nasubiri dakika kumi, nakunywa chai. Ndipo unatoa ebegi kwa skrubu za pembeni, unaibeba uso wake ukitazama mbali na wewe, unailaza mezani uso juu, peke yake, pasipo na jua kali wala watoto. Uso ukiwa chini na ikafumuka, inaruka yote. Usiipime na mita wala taa ya kupimia.

Na kwa ulivyoeleza, honi kufa na taa ya ebegi kuwaka kwa pamoja, sidhani hata kama una shida ya honi. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya uliokunjwa kama springi ya saa, unapeleka umeme wa honi na wa ebegi huku usukani unazunguka. Ukikatika vinakufa vyote viwili kwa siku moja. Maana yake sasa hivi ebegi yako ya dereva inawezekana haifanyi kazi, kwa hiyo usiiache mpaka mwisho wa mwezi. Utepe mpya unapofungwa lazima uwe katikati, tairi zimenyooka, una alama yake. Ukifungwa bila kuuweka katikati unakatika siku ya kwanza unapokata kona mpaka mwisho.

Kama hujawahi kufungua ebegi, nenda kwa fundi aliyewahi. Muulize kabla hajashika spana, "unaanza na nini?" Asipotaja betri, chukua funguo zako.